Ukingo wa Gango

Jumatatu, Machi 3

Shangazi ameniagiza niwe na shajara. "Usiandike ulichofanya," alisema, "hicho kiko kwenye mafaili. Andika ulichojifunza. Na usinionyeshe." Basi naanza.

Shangazi si shangazi yangu. Ni mkuu wa chumba cha tiba kwa vitendo, na hospitali nzima, kuanzia mganga mkuu hadi wafagizi, inamwita hivyo. Mimi nimeletwa kufanya kazi chini ya uangalizi wake mpaka mvua ziishe. Baada ya hapo yeye ndiye atakayesema kama nafaa kusimama peke yangu.

Chumba chetu kiko mwisho kabisa wa korido, kinapakana na chumba cha dobi cha hospitali. Mashuka yakichemshwa kule, sisi huku tunatoka jasho. Leo nimejifunza kwamba dari linavuja juu ya meza ya kazi, na kwamba hakuna anayeona ajabu.

Jumanne, Machi 4

Asubuhi nzima nimemfundisha mzee aliyepooza upande mmoja kuvaa shati. Shati limeshinda.

Alhamisi, Machi 6

Dada yangu, ambaye nakaa kwake, ameniuliza tena mezani kazi yangu hasa ni nini. Nimemweleza: mtu akiumia, daktari anamtibu, wa mazoezi anamnyoosha viungo, sisi tunamrudisha kwenye maisha yake. Ale mwenyewe, avae, aoge, afanye shughuli zake. Dada amefikiri kidogo.

"Kwa hiyo wewe ni fundi wa vifungo."

Shemeji amecheka hadi akapaliwa. Mimi sikuwa na cheko. Mchana Shangazi alikuwa amelitupa gango langu kwenye ndoo ya taka mbele ya mgonjwa. Gango ni ile plastiki ngumu ya kushikilia mkono usijikunje: unailainisha kwenye maji ya moto, unaifinyanga juu ya mkono wa mtu, ikipoa inakuwa kama mfupa wa nje. Langu lilitoka kama mfereji wa paa. Maneno hayo ni yake.

Jumatatu, Machi 10

Wodi ya majeraha ya moto imetuletea mgonjwa mpya. Ni msusi, mwanamke wa umri wangu hivi, jiko la gesi lilimlipukia mikononi. Vidole vyote vipo. Mpasuaji ameviwekea ngozi mpya aliyoitoa pajani, na sasa kazi imekuwa yetu, maana ngozi mpya hujivuta inapopona. Bila gango mkono unafunga ngumi na haufunguki tena.

Amekuja na mama mkwe wake. Mume ni dereva wa malori ya mbali, hayupo. Mama huyu hamwachii Msusi hata nafasi ya kupumua. Nilimuuliza Msusi jina, akajibu mama mkwe. Nikamuuliza kama anasikia maumivu, akajibu mama mkwe. Nikamuuliza kama kitambaa kimekaza, mama mkwe akainama kukiangalia, akanijibu kimekaza.

"Usijali, dada," nilimwambia Msusi mwishoni. "Utasuka tena."

"Atasuka tena," mama mkwe akaitikia.

Msusi alikuwa anaangalia dirishani. Nje hakuna cha kuangalia, ni ukuta wa dobi tu. Nikaandika kwenye faili: lengo, kurudi kwenye kazi ya ususi.

Ijumaa, Machi 14

Mvua. Nusu ya wagonjwa hawakufika, barabara ya chini imejaa maji.

Jumatano, Machi 19

Naanza kumwelewa Shangazi, au naanza kumwogopa kwa mpangilio. Hapendi uulize swali ambalo jibu lake umeliacha mkononi mwa mgonjwa. "Papasa kwanza," anasema. "Macho yako yamesoma, vidole vyako bado." Ana vidole vinene, vifupi, na kila gango likimalizika anapitisha kidole gumba ukingoni kote, taratibu, kama mtu anayesoma maandishi ya vipofu.

Leo plastiki ilizama kwenye sufuria ya maji ya moto. Mimi nikatafuta koleo. Yeye akatia mkono, akaitoa, akaendelea na maneno yake. Vidole vilitoka vyekundu. Nilimwambia Dada jioni: yule mama ana mikono ya chuma. Nilisema kwa kusifu.

Jumanne, Machi 25

Nimemtengenezea Msusi uma wenye mpini mnene, unaofungwa kwa mkanda kiganjani. Leo amefikisha kipande cha kiazi mdomoni. Kimoja. Kabla sijasema hongera, mama mkwe ameshauvuta uma. "Atachoka," amesema, akaanza kumlisha.

Nililalamika kwa Shangazi kwamba yule mama ni kizingiti. Shangazi alikuwa anatafuta miwani yake. "Wewe umeshawahi kukaa naye peke yake?" aliuliza. Sijawahi. "Basi bado hujui ni nini."

Jumanne, Aprili 1

Msusi anatoka wodini Ijumaa, atakuwa anatujia kutoka nyumbani. Anahitaji gango imara la kulalia, la mkono wa kulia, na kwa wiki za mwanzo asilivue hata mchana. Niliomba nilitengeneze mimi. Shangazi akakataa. "Mkono huu si wa kujifunzia."

Amelitengeneza mwenyewe. Nilisimama nyuma nikimpa mikasi. Alichukua muda kuliko kawaida, na mara mbili aliangusha kipande sakafuni akakitafuta kwa macho, si kwa mkono. Nililiona hilo. Sikulitia maanani.

Alhamisi, Aprili 3

Msusi amesema gango linambana upande wa kidole cha mwisho. Amesema kwa sauti ndogo, mama mkwe akiwa ameenda kuchukua dawa. Nililivua, nikapapasa ukingo. Kulikuwa na sehemu yenye ukali, kama ukucha uliokatwa vibaya, pale pale alipoonyesha. Nikampelekea Shangazi.

Alipitisha kidole gumba. "Laini kama siagi."

"Hapa, Shangazi. Upande huu."

Akapitisha tena. Akanitazama juu ya miwani. "Kijana, nimeanza kutengeneza haya kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Ni laini. Ngozi mpya inalalamika kwa kila kitu. Mwambie atazoea."

Nilirudi. Nikamfunga gango. Nikamwambia, "Utazoea, dada."

Jumatatu, Aprili 7

Sijui niandike nini kwanza.

Msusi hakuwa na miadi leo. Mama mkwe alimleta asubuhi mvua ikinyesha, amemfunika kwa nailoni, wote wawili wameloa magotini. Harufu iliingia chumbani kabla yao. Shangazi hakuwa amefika. Nilifungua mkanda wa gango peke yangu.

Pale kwenye kidole cha mwisho ngozi mpya haikuwepo. Palikuwa na shimo, na ndani ya shimo kitu cheupe ambacho sikutaka kukijua kwa jina. Mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kifundo.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Jumamosi alianza kulia," mama mkwe alisema. "Nilitaka kulivua. Akanikataza. Akasema mmemwambia asilivue hata iweje, mkono utajifunga."

Tulikuwa tumemwambia hivyo. Nilikuwa nimemwambia hivyo mimi.

Nilikimbia hadi kwa mpasuaji. Alikuja, akaangalia, hakusema neno kwa mgonjwa zaidi ya "pole". Akaagiza chumba cha upasuaji kiandaliwe. Kisha akanishika bega akanitoa nje, akalinyanyua gango lenye damu mbele ya uso wangu.

"Nani ametengeneza hili?"

Shangazi alikuwa anakuja kwenye korido, mwavuli unachuruzika. Alisikia swali. Akaliangalia gango, kisha akaniangalia mimi.

"Limetoka chumbani kwetu," alisema.

Mpasuaji alisubiri. Hakuna aliyeongeza neno. "Nitataka maelezo," alisema, akaondoka.

Kidole kimekatwa. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, hadi kwenye shina lake, na kile cha jirani hakijulikani. Nilimwona Msusi akirudishwa wodini. Alikuwa macho. Mama mkwe alikuwa anatembea pembeni ya kitanda ameshika ukingo wa shuka, na aliponiona akanisalimia. Afadhali angenitukana.

Jumanne, Aprili 8

Shangazi alifunga mlango, akawarudisha wagonjwa waliokuwa kwenye benchi. Akakaa kwenye kiti cha mgonjwa.

"Alhamisi ulipapasa," alisema.

"Nilipapasa."

"Kulikuwa na nini?"

"Kulikuwa na ukali."

"Ukanyamaza."

"Ulisema ni laini, Shangazi."

Akanyoosha mikono yote miwili juu ya meza, viganja juu, kama tunavyowaambia wagonjwa. "Chukua kile kikapu," alisema.

Kikapu kile tunakitumia kwa watu ambao mikono yao imekufa ganzi. Ndani mna ufunguo, kifungo, msumari, kijiko, kipande cha kitambaa. Mgonjwa anafumba macho, unamwekea kimoja kiganjani, anakutajia. Mtoto mdogo anakutajia.

"Shangazi, si lazima."

"Nifanyie kama mgonjwa yeyote. Usinionee haya."

Akafumba macho. Nikamwekea kifungo. Alikigeuza, akakifinya, akakipeleka kwenye ncha za vidole. Paji la uso likaanza kung'aa jasho.

"Kitambaa," alisema.

Nikamwekea ufunguo. Alikaa nao muda mrefu. Kisha ukamdondoka, na vidole vyake vikaendelea kugeuza, vikitafuta, havijui kwamba havina kitu. Mimi ndiye niliyefumba macho.

"Kijiko," alisema.

Alipofungua macho aliangalia kiganja chake kitupu, kisha sakafuni. Aliniambia ni kisukari. Kilianza miguuni, kikapanda mikononi, mwaka jana mvua kama hizi. Alidhani anaweza kufidia kwa macho na kwa mazoea. Alidhani atamaliza miaka yake iliyobaki bila mtu kujua.

"Andika matokeo," alisema.

Niliandika. Aliitia saini karatasi mwenyewe, akaiacha mezani, akatoka. Hakuniambia niseme. Hakuniambia ninyamaze.

Alhamisi, Aprili 10

Mpasuaji ameuliza tena. Shangazi hakuwepo. Nimesema tunaandaa maelezo.

Ijumaa, Aprili 11

Leo Shangazi amekata plastiki ya mgonjwa mwingine. Nimesema naomba nimalizie mimi. Amenipa mikasi, akaenda kusimama dirishani.

Jumapili, Aprili 13

Dada amegundua sili. Nimemweleza yote. Leo hajanitania, anakausha vyombo.

"Huyo mama akisema hufai, itakuwaje?"

"Nitaanza upya kwingine. Au sitaanza."

"Na ukinyamaza?"

Niliangalia sahani mkononi mwake. Alichukua muda kuikausha. "Mimi ningenyamaza," alisema. "Nakwambia ukweli. Ningenyamaza halafu ningejichukia mpaka uzee."

Jumatano, Aprili 16

Nilimfuata Shangazi asubuhi kabla ya wagonjwa. Nikamwambia leo naenda kwa mganga mkuu na karatasi ile, nitasema na yangu pia, ya Alhamisi. Nilitaka ajue kutoka kwangu.

Alikuwa anavua koti la mvua, kifungo kimoja kimemshinda. Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa kichwa.

"Nilikuwa nakusubiri," alisema. "Nilijua nikienda mwenyewe ningekuwa nimekuokoa, usijifunze kusema. Na nilikuwa naogopa pia, usidhani ni ushujaa. Kila asubuhi nilikuwa nasema, leo asiende."

"Samahani, Shangazi."

"Usiombe samahani kwa hili. Liombee lile la Alhamisi, na si kwangu." Kifungo kikakubali. "Nikiulizwa nitasema bado hujafaa. Mikono unayo. Ukali uliusikia ukauacha kwenye mkono wa mtu kwa sababu mtu mzima alikukodolea macho. Kesho atakukodolea mpasuaji. Keshokutwa mganga mkuu. Utamwacha nani tena?"

Nilienda. Mganga mkuu alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema mambo ya utaratibu. Niliporudi, Shangazi alikuwa ameshatoa koti lake jeupe msumarini. Kikapu kilikuwa mezani, vitu vyote vimo ndani.

Jumanne, Aprili 22

Niko peke yangu chumbani. Uamuzi umetoka: Shangazi amepumzishwa kwa sababu za kiafya. Mimi naongezewa msimu mwingine wa uangalizi, na mtu wa hospitali jirani atakuja mara moja moja kunikagua. Maji yanadondoka kwenye ndoo siku nzima. Msusi karuhusiwa kurudi nyumbani na hajaja kwenye miadi hata moja.

Jumatatu, Aprili 28

Nimeenda kwake. Anakaa kwenye nyumba ya kupanga yenye familia nyingi, vyumba vimezunguka uwanja, choo na bafu viko upande wa pili wa uwanja na kila mlango unavitazama. Uwanja mzima ni tope. Wameweka matofali ya kukanyagia.

Mama mkwe alikuwa ametoka kidogo. Kwa mara ya kwanza nilikaa na Msusi peke yake. Mkono wa kulia ulikuwa mapajani mwake umefungwa, umepungua. Nilimweleza. Kwamba niliupapasa ule ukingo nikausikia. Kwamba nilirudi nikamwambia atazoea.

"Ulimwogopa yule Shangazi wenu," alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi nikakuogopa wewe. Jumapili nilitaka kulivua kwa meno."

Akauvuta mkono uliofungwa karibu na tumbo.

"Sijakusamehe," alisema. "Nakwambia mapema, usije ukawa unakuja hapa kila siku unasubiri hilo."

"Sitasubiri."

"Na hilo la kusuka uliache. Nimesuka tangu nikiwa mtoto wa shule, kwa sababu mama alikuwa anasuka. Mgongo unauma, watu wanasinzia mikononi mwako. Hata mikono ingepona yote nisingerudi. Hukuniuliza."

Nilimuuliza basi anataka nini. Alijibu akiangalia mlango.

"Unajua nani ananitawaza?"

Nilijua. Tangu siku ya kwanza nilipaswa kujua, na kazi yangu ndiyo hiyo hasa, na sikuwahi kuliruhusu swali lifike mdomoni. Yeye ni mwanamke, mimi mwanaume, nikajificha kwenye ususi.

"Mama yake mume wangu," alisema. "Mtu ambaye sikuwahi hata kupita mbele yake bila khanga. Nakula kidogo ili nisiende. Maji sinywi. Nikibanwa mchana nasubiri watu waingie ndani. Nataka niende chooni peke yangu, nifunge mlango. Nikiweza hilo, hayo mengine mtayafanya mkipenda."

Mama mkwe alinisindikiza hadi barabarani chini ya mwavuli wake. Nilidhani ataniuliza habari za vidole. Akasema, "Mwanangu, nikiingia naye kule huwa nafumba macho. Napapasa tu. Sitaki ajue namwona." Akageuza uso. "Lakini nadhani anajua kwamba nafumba, na hilo nalo linamuumiza."

Kizingiti, niliandika mwezi uliopita. Neno hilo liko kurasa chache nyuma. Siwezi kulifuta sasa.

Ijumaa, Mei 2

Nimejaribu kuchora kifaa. Sijui. Chuoni tulipitishwa juu juu, wanafunzi walikuwa wanacheka. Mkaguzi wa hospitali jirani hatafika hadi barabara ikauke. Nimeenda kwa Shangazi.

Amekonda. Alinifungulia mlango kwa viganja viwili. Sikuulizwa habari za hospitali. Nilipomweleza anachotaka Msusi aliinama.

"Mimi nilikuwa nimepanga kumuuliza baada ya gango la kulalia," alisema. "Hilo ndilo huwa nawauliza wanawake." Kisha: "Atanikataa."

Jumatano, Mei 7

Tulienda pamoja. Shangazi alivuka matofali ya uwanjani akiwa ameshika mkono wangu, maana na miguu yake haisikii chini.

Msusi alimwona mlangoni, uso ukafunga.

"Mwambie asiniguse."

"Sitakugusa," Shangazi alisema, akasimama pale pale kizingitini. "Mikono yangu haifai kugusa mtu. Ndiyo iliyokukata kidole. Nimekuja na mdomo tu. Ukitaka niondoke naondoka."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Mama mkwe alikuwa anaangalia mmoja baada ya mwingine. Msusi alimtazama Shangazi mikononi, si usoni.

"Haisikii kabisa?"

"Kabisa."

"Na wewe chooni unafanyaje?"

Sikutegemea swali hilo. Nadhani na Shangazi pia. "Kwa shida," alisema. "Naangalia. Ninapokosea nafua nguo."

Msusi akasogeza mguu, nafasi ikapatikana kwenye mkeka.

Tulifanya kazi hadi mchana. Shangazi aliongea, mimi nikafanya, Msusi akajaribu juu ya nguo zake, mama mkwe akashikilia alipoambiwa. Mpini mrefu uliopinda, wenye sponji mwishoni, wa kufungwa kiganjani kwa mkanda. Kopo la mdomo mrefu ambalo kifundo cha mkono kinaweza kulinyanyua. Sketi yenye mpira kiunoni badala ya zipu. Kila ukingo niliomaliza nilipitisha kidole, kisha nikampa Msusi aupitishe shavuni kwake, kwa sababu shavu lake linasikia vizuri kuliko ile ngozi. Mara moja akasema, "Hapa." Mimi sikuwa nimesikia kitu. Nilipiga msasa tena bila kubishana.

Kwenye kuondoka, Shangazi alisimama mbele yake kidogo. Midomo ilicheza, neno halikutoka. Msusi hakumsaidia kulitoa.

Jumanne, Mei 13

Kiungo cha mpini kimevunjika. Nimetengeneza kingine.

Jumanne, Mei 20

Leo amejaribu kweli, ndani, mama mkwe akiwa nje ya mlango. Kopo lilimwagika lote, sponji ikaanguka pasipofaa kuanguka, alitoka ameloa hadi kifuani akitetemeka. Watoto wa jirani walicheka, mama yao akawachapa makofi, nayo ikawa mbaya zaidi. Msusi alituambia wote tuondoke. Alisema nimefanya maisha yake kuwa maonyesho.

Nilimpigia Shangazi simu. Anahamia kwa kaka yake, mbali, kuna mtu wa kumwangalia. Nilimweleza tulivyoshindwa. "Sogeza kopo upande wa kushoto," alisema, "na uweke ndoano ukutani, sponji isiwe mkononi muda wote. Halafu usiende mpaka akuite." Nikamuuliza yeye anaendeleaje. "Nimefungasha vitabu kwa viwiko," alisema, simu ikakatika, au aliikata.

Jumatatu, Mei 26

Hajaita. Jua limetoka kidogo mchana, likarudi ndani.

Alhamisi, Mei 29

Mama mkwe amekuja hospitalini mwenyewe, kwa miguu. "Anasema njoo ufunge hiyo ndoano," aliniambia. "Na komeo."

Ijumaa, Mei 30

Mvua haikunyesha leo. Uwanja umeanza kupasuka pembezoni, matofali bado yapo.

Nilifunga ndoano. Nilihamisha kopo upande wa kushoto. Nikatoa komeo la zamani, lile dogo la kuvuta kwa vidole, nikaweka ubao mpana unaosukumwa kwa kiwiko. Msusi alisimama akinitazama, hakunishukuru. Kile kidole cha jirani kimepona kikiwa kimepinda, na hakitanyooka. Nilimwambia hivyo bila kupamba. Akasema anajua.

Kisha akapita pembeni yangu akaingia. Tukasikia ubao ukigonga fremu, ukarudi, ukagonga tena, ukaingia.

Mama mkwe alikuwa ameshapiga hatua kuelekea mlangoni. Akasimama. Akarudi akaketi kwenye ngazi ya chumba chao, mimi nikaegemea ukuta. Tulikaa. Maji yalisikika, yakakoma, yakasikika tena. Kitu kilianguka sakafuni, mama mkwe akanitazama. Nikatikisa kichwa, asiende. Muda ukazidi kwenda. Ndani palikuwa kimya, kisha maji tena.

Jirani akatoka na ndoo, akavuka uwanja, akasukuma mlango wa choo. Haukufunguka.

"Kuna nani humo?"

"Mkwe wangu," mama mkwe alisema.

Jirani akageuka, akamwona amekaa pale, khanga imekunjwa vizuri mapajani, mikono juu yake.

"Na wewe mbona uko huku nje?"

"Nimekaa tu," alisema mama mkwe.